Chaneli za Kupangisha

Ukiwa Uingereza na nyumba yako ina dishi la Sky, chukua rimoti upande juu. Pita BBC na ITV, pita chaneli za filamu, za mpira na za watoto, endelea tu. Utafika kwenye majina ambayo hujawahi kuyasikia kwa jirani wala kuyaona gazetini. Saa kumi na moja alfajiri kuna mhubiri wa Kimarekani anayetikisa Biblia huku namba ya kutuma sadaka ikipita chini yake. Saa tatu asubuhi, chaneli ile ile, mtu anakaanga yai la kumi na mbili kuthibitisha kwamba kikaangio chake hakinati. Mchana mwanamke ametandaza karata mezani anangoja simu ziingie. Jioni kuna mjadala wa siasa za nchi fulani ya Afrika Magharibi: viti viwili, pazia, na taa ambayo ingefaa kuongezwa. Usiku wa manane wamekaa wasichana waliovaa nusu nguo, simu mkononi. Nembo iliyo pembeni mwa skrini ni moja tangu asubuhi.

Hizo ndizo chaneli za kupangisha. Mwenye chaneli hatengenezi karibu chochote. Anakodisha saa zake kwa yeyote mwenye pesa na kaseti, au siku hizi mwenye pesa na faili. Watu wengi huziona kama takataka za angani na kupita haraka. Hata wanaoandika kuhusu televisheni huzitaja pale tu mdhibiti anapopiga faini. Tatizo, kwa maoni yangu, ni kwamba tunazipima kwa kipimo cha televisheni ya kawaida, yaani watazamaji, na kwa kipimo hicho biashara yote inaonekana ya wendawazimu. Bidhaa inayouzwa pale ni nyingine kabisa: ni namba kwenye orodha ya chaneli, pamoja na leseni iliyo nyuma ya namba hiyo. Anayelipa ananunua haki ya kusema “tupo kwenye televisheni”, tena ya London. Watazamaji wakipatikana, hiyo ni faida juu ya faida.

Anza na hesabu ya angani. Setilaiti ya kwanza ya Astra, iliyorushwa Desemba 1988, ilikuwa na transponda 16, na kwa teknolojia ya analojia kila transponda ilibeba chaneli moja. Wafanyabiashara wa nchi kadhaa za Ulaya waligombea nafasi hizo 16. Sky ya Rupert Murdoch ilianzia hapo Februari 1989, ikiwa na chaneli nne tu. Katika hali hiyo wadogo waligawana saa, mmoja mchana na mwingine usiku. Kituo cha Kikristo kilichokuja kujulikana kama GOD TV kilianza mwaka 1995 kwa kutumia saa za alfajiri, wakati wenye nafasi wamelala.

Dijitali ikageuza mambo. Sky Digital ilizinduliwa tarehe 1 Oktoba 1998 kupitia setilaiti ya Astra iliyo nyuzi 28.2 mashariki. Transponda moja sasa ilipitisha takriban megabiti 33 kwa sekunde, na chaneli ya ubora wa kawaida inaridhika na megabiti 3 hivi, au mbili ukiwa bahili na hujali picha ikivunjikavunjika. Pale palipokaa chaneli moja pakaingia kumi. Kodi ya anga ikashuka, lakini gharama ya vipindi haikushuka nayo. Mwaka una saa 8,760, na kuzijaza hata kwa mazungumzo ya watu wawili kunataka kamera, studio, fundi wa sauti na mtu wa kupika chai. Aliyeweza kukodi anga lakini hakuweza kutengeneza vipindi akabaki na saa nyingi tupu mkononi. Zamani saa ziligawanywa kwa sababu nafasi ilikuwa adimu. Sasa zikaanza kupangishwa kwa sababu zimezidi.

Mnyororo wenyewe una mikono mingi. Juu kabisa yuko mwenye setilaiti, ambaye kwa Astra ni kampuni ya SES ya Luxembourg. Yeye hukodisha transponda kwa miaka mingi kwa kampuni kubwa za kurusha matangazo, kama Arqiva ya Uingereza au Globecast ya Ufaransa, na hizi huikatakata na kuuza vipande vya megabiti. Anayechukua kipande ndiye mwenye chaneli, mara nyingi kampuni yenye watu wanne au watano na ofisi kwenye eneo la maghala nje kidogo ya mji. Vipindi havirushwi kutoka pale. Vinatumwa kwenye kituo cha kurushia, ambako kompyuta zinaendesha chaneli kumi kwa mpigo na zamu ya usiku ina kijana mmoja anayeangalia skrini isizimike. Katikati wapo madalali wa muda wa hewani, wanaonunua kwa jumla saa za usiku za chaneli tatu au nne na kuziuza rejareja, nusu saa nusu saa. Mwisho wa mnyororo ndipo anapokaa mpangaji: kanisa, duka la vito, taasisi ya misaada, chama cha ughaibuni, mpiga ramli.

Leseni haikuwahi kuwa kikwazo kikubwa. Ofcom, mdhibiti aliyeanza kazi Desemba 2003, aliweka ada ya maombi ya chaneli ya setilaiti kuwa pauni 2,500. Kamera moja ya studio inagharimu zaidi. Kilichokuwa adimu ni namba. Ving'amuzi vya Sky vya mwanzo vilikuwa na kumbukumbu ndogo, orodha ikajaa, na ukafika wakati Sky ikaacha kupokea maombi mapya. Hapo namba zilizokwisha kutolewa zikapata bei yake zenyewe. Watu walinunua kampuni nzima ili tu kuchukua nafasi yake kwenye orodha, kisha wakabadilisha jina la chaneli. Namba isipotumika huchukuliwa, kwa hiyo ilibidi pawepo kitu hewani, chochote kile, wakati mwenyewe anatafuta mnunuzi. Sehemu ya yale mayai yaliyokaangwa mara kumi na mbili ilikuwa ulinzi wa mali.

Halafu kuna suala la kuhesabu. Nchini Uingereza watazamaji huhesabiwa na BARB, kwa kufunga vifaa kwenye kaya za mfano, ambazo kwa miaka mingi zilikuwa 5,000 na kitu kwa nchi nzima. Sampuli ya namna hiyo inaweza kukuambia ni watu milioni ngapi walitazama fainali ya Kombe la FA. Haiwezi kuwaona watu mia tatu wanaoangalia mahubiri kwa Kitwi saa nane usiku. Chaneli nyingi za kupangisha hazijisumbui hata kujiunga. Mpangaji anayeuza bidhaa hupima kwa simu zilizoingia na malipo yaliyofanyika kabla ya mchana. Mpangaji asiyeuza bidhaa hana kipimo, na hapo ndipo mambo yanaponoga, kwa sababu analipa kitu ambacho hakiwezi kuthibitishwa na bado anarudi mwezi ujao.

Anarudi kwa sababu alichonunua amekipata. Chukua London ya Waafrika. BEN TV ilianza mwaka 2003 ikilenga Wanigeria na Waafrika wengine waliotapakaa Peckham, Tottenham na kwingineko, watu ambao BBC iliwakumbuka kukiwa na mapinduzi au njaa. Wachungaji wa makanisa yaliyopanga maghala na kumbi za sinema zilizofungwa wakapata mahali pa kuonekana. Mchungaji mwenye waumini mia mbili, akishanunua nusu saa kwa wiki, anageuka “mtumishi wa televisheni”. Klipu ya kipindi chake, yenye nembo ya chaneli, inapelekwa Lagos, Accra au Kinshasa, na kule hakuna anayeuliza namba yake kwenye orodha ya Sky ni ya ngapi. Anaalikwa mikutano, mikutano inaleta sadaka, sadaka inalipa nusu saa inayofuata. Mtazamaji wa Peckham anaweza asiwepo kabisa kwenye mzunguko huo na mzunguko ukaendelea.

Sasa ingia sheria, na hapa ndipo napaona penye utata mkubwa kuliko faini zote. Kanuni za Ofcom zinatenganisha kipindi na tangazo. Maudhui ya kipindi hayauzwi. Hata kikifadhiliwa, uamuzi wa mwisho juu ya kilichomo lazima ubaki kwa mwenye leseni. Habari na mijadala ya matukio ya sasa haifadhiliwi kabisa. Matangazo ya kisiasa yamepigwa marufuku na sheria ya mawasiliano ya 2003. Tangazo refu la biashara linaruhusiwa, lakini liwe kwenye dirisha lake lisilopungua dakika 15 bila kukatizwa, na lijulikane kuwa ni tangazo. Kwa maneno mengine, sheria inasema maudhui hayapangishwi, na biashara yenyewe ni kupangisha maudhui. Kila mkataba wa muda wa hewani unasainiwa juu ya ufa huo. Mwenye chaneli anaapa mbele ya Ofcom kwamba yeye ndiye mhariri; mpangaji amelipa ili asihaririwe.

Kwa muda sheria yenyewe ilikubali kufumba macho. Michezo ya kubahatisha kwa simu ilistawi katikati ya miaka ya 2000, na haikuwa kwa wadogo tu: ITV, kituo kikubwa cha biashara nchini, kilifungua chaneli nzima ya ITV Play. Ilifungwa Machi 2007, ilipobainika kwamba katika vipindi mbalimbali vya televisheni watu walikuwa wanapiga simu za kulipia kwenye mashindano ambayo nafasi yao ya kushinda ilikuwa imeshakwisha au haikuwahi kuwepo. Mei 2008 ITV ilipigwa faini ya pauni milioni 5.675. Oktoba 2007 Mahakama ya Haki ya Ulaya, katika kesi iliyoihusu televisheni ya taifa ya Austria, ilikuwa imeamua kwamba mchezo wa simu unaweza kuhesabiwa kuwa ni biashara ya mauzo na siyo kipindi. Ofcom ikafuata njia hiyo. Kuanzia Septemba 2010 wasichana wa usiku na wapiga ramli wa mchana wakahamishwa rasmi kutoka fungu la vipindi kwenda fungu la matangazo.

Mimi naona hiyo ndiyo hatua ya busara kuliko zote zilizochukuliwa katika eneo hili, kwa sababu iliita kitu kwa jina lake. Mpiga ramli anayetoza pauni moja na nusu kwa dakika anafanya biashara. Mwache aifanye chini ya masharti ya biashara. Haikumaanisha kwamba wote walitulia. Julai mwaka huo huo Bang Media, iliyoendesha chaneli za usiku za Tease Me, ilipigwa faini ya pauni 157,250 kwa makosa yaliyorudiwa, na Novemba leseni zake zikafutwa. Lakini angalau ubishi wa iwapo kile kilikuwa kipindi uliisha.

Dini haikuguswa na usafi huo wa majina. Kipindi cha mahubiri kilibaki kipindi, hata kama kimelipiwa kuanzia sekunde ya kwanza hadi ya mwisho na hata kama theluthi yake ni kuomba pesa. Matokeo yake kila kosa lilibidi lishughulikiwe kivyake, baada ya kutokea. Mwaka 2011 Noor TV, chaneli ya Kiislamu, ilipigwa faini ya pauni 75,000. Mtangazaji alikuwa amewahimiza watazamaji watoe pauni 1,000, na watakaotoa waliahidiwa dua pamoja na zawadi, ikiwemo udongo uliodaiwa kutoka kwenye kaburi la Mtume. Mwaka huo huo Believe TV ya Wakristo ikatozwa 25,000 baada ya kuonyesha shuhuda za watu waliodaiwa kupona maradhi makubwa, saratani na kisukari miongoni mwake, huku sabuni na mafuta ya zeituni vikihusishwa na uponyaji. Loveworld, chaneli ya kanisa lenye asili ya Nigeria, ikatozwa 125,000 mwaka 2021 kwa madai ya hatari kuhusu Korona. Msikiti na kanisa, mbinu ni zile zile, na mtu aliyekulia Kariakoo au Kisauni hahitaji kutafsiriwa lolote.

Wamarekani walilitangulia jambo hili kwa kulifungulia mlango mpana zaidi. Mwaka 1984 tume yao ya mawasiliano, FCC, iliondoa ukomo wa dakika za matangazo kwenye televisheni, na tangazo la nusu saa likazaliwa. Aliyenufaika kuliko wengi ni mhubiri Peter Popoff. Huyu alikuwa akisimama jukwaani California na kwingineko akiwaita wagonjwa kwa majina na anwani zao, akidai ameambiwa na Mungu. Mwaka 1986 mwanamazingaombwe James Randi alikuja na chombo cha kunasa mawimbi, akakuta kwenye masafa ya megahezi 39.17 sauti ya mke wa mhubiri, anayesoma kadi za maombi walizojaza watu kabla ya ibada na kumsomea mumewe kupitia kidude kilichofichwa sikioni. Rekodi ilichezwa kwenye kipindi cha Johnny Carson, mbele ya taifa zima. Mwaka uliofuata Popoff akatangaza kufilisika.

Kama televisheni ingekuwa inauza uaminifu, hadithi ingeishia hapo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Popoff alirudi kwa kununua muda wa usiku, BET ikiwa mojawapo ya chaneli zilizompokea, na akaanza kuwapelekea watazamaji vipakiti vya “maji ya muujiza” bure. Bure hiyo ilikuwa mlango. Aliyeomba maji aliacha anwani, na anwani ikafuatwa na barua baada ya barua za kuomba sadaka. Nusu saa ya usiku ilikuwa ndoano ya kukusanya anwani za watu wenye shida. Hata hapa, basi, idadi ya watazamaji haikuwa na uzito. Walihitajika wachache, wale hasa wasiolala kwa mawazo.

Si kila mpangaji ni tapeli, na itakuwa dhuluma kuwaweka wote kapu moja. Mfano ninaouona kuwa mgumu zaidi ni wa Ramadhani. Waislamu wa Uingereza wenye asili ya Bangladesh wana chaneli zao, Channel S ya mwaka 2004 ikiwa miongoni mwa zinazojulikana. Mwezi ukiandama, ratiba inageuka. Kuanzia baada ya tarawehe hadi karibu na daku, usiku baada ya usiku, taasisi za misaada zinapokezana studio. Usiku mmoja ni visima vya Sylhet, usiku wa pili ni yatima, wa tatu ni madrasa. Msemaji anakaa na simu, majina ya watoaji yanasomwa hewani, “ndugu yetu wa Birmingham pauni hamsini, mama mmoja wa Luton pauni mia kwa ajili ya marehemu mumewe”, na namba pembeni ya skrini inapanda. Fedha nyingi kweli hupatikana, na visima kweli vinachimbwa.

Lakini usiku huo umelipiwa. Taasisi imekodi studio na masaa yake, na kodi ya Ramadhani, hasa kumi la mwisho, haiwezi kuwa sawa na kodi ya mwezi wa kawaida. Mama wa Luton anaposikia jina lake likisomwa haambiwi ni kiasi gani cha makusanyo kitatangulia kulipa chaneli kabla ya tone la kwanza kufika Sylhet. Wenye taasisi watajibu kwamba bila kutangaza hakuna mchango, na hata bango la barabarani hulipiwa. Ni kweli. Ila bango halijifanyi kuwa ibada ya usiku mzima. Ningependa kuona kitu kimoja tu, rahisi kabisa kiufundi: maandishi kwenye skrini, muda wote, yanayosema muda huu umelipiwa na nani na kwa kiasi gani. Chaneli zinazopata riziki ya mwaka kwenye mwezi mmoja zitalia, na kilio hicho chenyewe kitatuonyesha ukubwa wa kodi.

Upande wa siasa, namba na leseni vina thamani ya aina nyingine, kwa sababu vinaweza kumpa sauti mtu asiye na nchi ya kurushia. MED TV ya Wakurdi ilianza mwaka 1995 kwa leseni ya Uingereza na studio Ubelgiji, ikawafikia Wakurdi wa Uturuki waliokatazwa televisheni kwa lugha yao. Wadhibiti wa wakati ule waliitoza pauni 90,000 mwaka 1998 na kufuta leseni mwaka uliofuata kwa uchochezi, huku Uturuki ikishinikiza kwa nguvu zote. Wairani wa Los Angeles nao walikuwa na vituo vilivyotafuta nafasi kwenye setilaiti ya yeyote aliyekubali. Julai 2003 mawimbi yao yalizibwa wakati yanavuka Atlantiki, na chanzo kikafuatiliwa hadi Cuba. Karibu na kwetu zaidi, ESAT ya Waethiopia wa ughaibuni, iliyoanza 2010 ikiwa na studio Amsterdam, Washington na London, ilirukaruka kutoka setilaiti moja hadi nyingine ikikimbia kuzibwa. Kwa hawa kupanga hakukuwa ujanja. Hawakuwa na pengine pa kusemea.

Dola kubwa nazo hutumia mlango huo huo. Chaneli ya serikali ya China, CGTN, ilikuwa ikionekana Uingereza kwa leseni ya kampuni iitwayo Star China Media Limited. Ofcom ilipochunguza iliona kwamba kampuni hiyo haikuwa na mamlaka yoyote ya uhariri juu ya kinachorushwa, na tarehe 4 Februari 2021 ikafuta leseni. Ukiisoma sababu hiyo polepole utaona kwamba ingeweza kuandikwa, bila kubadilisha neno, juu ya nusu ya chaneli za kupangisha za nchi ile. Kampuni ndogo yenye karatasi, na nyuma yake mtu mwingine mwenye kauli. Tofauti ni kwamba aliyekuwa nyuma ya karatasi safari hii alikuwa na ukubwa wa kutazamwa. Hata hivyo CGTN haikutoweka Ulaya. Wiki chache baadaye mdhibiti wa Ufaransa alithibitisha kwamba, kwa kuwa inatumia setilaiti ya Eutelsat, kampuni ya Kifaransa, inaangukia chini ya sheria za Ufaransa. Milango ya Ulaya ni mingi, na aliyetolewa mmoja huingilia wa pili.

Kwetu Afrika Mashariki biashara hii ilikuja zaidi na king'amuzi kuliko dishi. Tanzania ilianza kuzima analojia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, Kenya ikamaliza mwaka 2015, na hesabu ile ile ya transponda ikajirudia kwenye minara ya ardhini: palipokuwa na chaneli moja pakaingia nyingi, na saa tupu zikatafuta wapangaji. Leo angalia bango la mkutano wa injili Ubungo au Nairobi. Chini ya picha ya nabii utakuta nembo za ving'amuzi zimepangwa mstari, kila moja na namba yake ya chaneli, hata kama kila aliyesimama pale barabarani ana simu na angeweza kumpata nabii huyo YouTube kwa sekunde tatu.

Hilo ndilo linalowashangaza wanaotabiri kila mwaka kifo cha chaneli hizi. Intaneti ni bure, watazamaji wako huko, na tangu 2021 Sky wenyewe wanauza televisheni isiyohitaji dishi. Kwa nini mtu aendelee kulipa? Sehemu ya jibu ni umri wa watazamaji. Bibi anayetoa sadaka hatafuti, anabonyeza. Sehemu nyingine ni ulinzi. Aprili 2021 YouTube ilifuta akaunti ya mhubiri TB Joshua wa Lagos, iliyokuwa na wafuasi zaidi ya milioni 1.8, kwa sababu ya video za “kuwaponya” mashoga. Kilichomwokoa asipotee ni kwamba chaneli yake, Emmanuel TV, ilikuwa bado kwenye setilaiti. Mdhibiti wa televisheni huandika barua, husubiri majibu, husikiliza utetezi na huchapisha hukumu yenye sababu. Kampuni ya intaneti hufuta kwanza, maelezo baadaye. Kwa mtu mwenye maneno makali, leseni ya London yenye masharti yake yote inaweza kuwa kinga bora kuliko uhuru wa mtandaoni.

Gharama ya kinga hiyo hulipwa na mwenye chaneli. Kipindi kikivunja kanuni, faini inaandikwa kwa jina la mwenye leseni. Kampuni ikiwa ndogo inaweza kufilisika, leseni ikarudishwa, na namba ikauzwa kwa mwingine. Mhubiri, mpiga ramli au mwanasiasa aliyesema maneno yenyewe hana kesi na Ofcom, maana hakuwahi kuwa na leseni. Jumatatu inayofuata yuko chaneli ya jirani, namba kumi juu au kumi chini, ameshapelekwa na dalali yule yule. Hukumu za Ofcom zote ziko wazi kwa umma na nyingi zimeandikwa kwa umakini wa kupigiwa mfano: jina la chaneli, saa ya kosa, maneno yaliyotamkwa neno kwa neno, kiasi cha faini. Jina la dalali aliyeuza nusu saa ile, na bei aliyoiuzia, hayana fungu lake humo.